Shangazi, harufu niliyoipenda imeandikwa ya wanaume

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 31, na kazi hii naifanya mwaka wa tisa sasa. Nilipokuwa bado najifunza, mwalimu wangu alikuwa na jarida la zamani la mitindo, na ndani yake kulikuwa na picha ya koti jeupe la Christian Dior, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, la mwaka 1947, lile linalobana kiuno kisha likafunguka juu ya nyonga, limevaliwa na sketi nyeusi pana ya marinda. Alinipa picha ile nikaibandika ukutani. Mpaka leo iko juu ya cherehani yangu. Nimejaribu kulishona koti lile mara tatu, na mara zote limenishinda palepale, kwenye nyonga. Linalala badala ya kusimama.

Nguo ya nyumba ile ya mitindo sitainunua, hilo nalijua. Lakini manukato yake naweza, na nimejibana mpaka fedha imetimia. Sitaki chupa nyingi. Nataka moja, harufu ambayo mtu akiisikia aseme fulani amepita hapa.

Nilikwenda dukani nikaomba nioneshwe zote. Muuzaji alinipulizia vijikaratasi saba, kimoja baada ya kingine. Kufika cha nne, sikuweza tena kutofautisha chochote. Akanipa punje za kahawa ninuse, haikusaidia. Niliyoijia mimi ilikuwa Miss Dior, kwa sababu nilisoma kwamba ilitoka mwaka uleule wa koti langu. Shangazi, nilipoinusa nusura nilie. Ni nzuri, sikatai, ila ni tamu na ya kisichana, haina hata mshono mmoja wa lile koti. Miaka yote hiyo nilikuwa naiwaza tofauti.

Kati ya vijikaratasi vile saba, kimoja nilikitia mfukoni bila kufikiri. Nilipofika nyumbani nilikinusa tena na tena. Kilinukia kama ndimu iliyokatwa sasa hivi, halafu kama shati safi lililoanikwa penye upepo. Kilikuwa kimeandikwa Eau Sauvage. Niliporudi kuiulizia, muuzaji alicheka, akasema hiyo ya wanaume, chukua J'adore, hakuna mwanamke anayekosea na J'adore. Dada yangu naye anasema nichukue kitu kizito, kwamba harufu lazima itangulie mtu mlangoni.

Hapo kwenye uzito ndipo ninapoogopa. Mwaka jana nilijipulizia manukato makali ya rafiki yangu, ya nyumba nyingine kabisa, nikaenda kazini. Bibi harusi aliyekuja kujaribu gauni aligeuza uso nilipokuwa namzungushia utepe, kisha akaomba dirisha lifunguliwe. Siku mbili baadaye mama yake alirudi na gauni, akaniuliza kwa upole kwa nini nguo ya mwanawe inanukia mtu mwingine. Aibu ile bado ninayo.

Naomba unisaidie. Je, nichukue Miss Dior kwa heshima ya koti hata kama hainiingii? Nikivaa ya wanaume nitaonekanaje? Na fundi anayeshinda amekumbatia nguo za watu anaruhusiwa kweli kuwa na harufu yake?

Ni mimi,
Fundi wa koti jeupe

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na Miss Dior, maana hapo ndipo ulipoumia, na uliumia bila kosa. Pua yako haikukudanganya. Ulichonusa dukani sicho kilichotoka pamoja na koti lako.

Christian Dior alionesha mavazi yake ya kwanza Paris tarehe 12 Februari 1947, na Miss Dior ilizaliwa mwaka huohuo. Ile ya mwanzo ilikuwa harufu ya majani mabichi yaliyovunjwa mkononi, maua katikati, na chini kabisa ubichi wa msituni, wa utandu unaoota kwenye magome ya mialoni. Ilikuwa kavu, imenyooka mgongo, kama koti lenyewe. Kisha mwaka 2005 nyumba hiyo ilitoa manukato mengine, matamu na ya ujana, yakaitwa Miss Dior Chérie. Baada ya miaka michache neno Chérie likaondolewa, yakabaki Miss Dior tu, na ile ya kale ikaanza kuitwa Miss Dior Original. Tangu hapo hiyo mpya nayo imerekebishwa tena zaidi ya mara moja. Kwa hiyo jina ulilolibeba moyoni miaka tisa limevishwa mwili mwingine. Ukikutana na chupa iliyoandikwa Original, inuse, maana hiyo ndiyo yenye ukoo na picha yako. Lakini hata hiyo usiinunue kwa heshima. Hudaiwi na mtu heshima ya namna hiyo, na manukato usiyoyapenda utayaacha yafe kabatini.

Jambo la pili huenda likakushtua. Dior alifariki mwaka 1957. J'adore uliyoshauriwa ilitoka mwaka 1999, miaka 42 baada yake, na aliyeitunga ni mwanamke anayeitwa Calice Becker. Chupa nyingi zenye jina la Dior pale dukani yeye hakuzijua. Na hata zile chache alizozijua hakuzichanganya yeye; yeye alikuwa mtu wa kitambaa. Kila nyumba ya mitindo huwapa kazi hiyo watunzi wa manukato, watu ambao Wafaransa huwaita pua, na majina yao mara nyingi hayaandikwi kwenye chupa. Wewe unajua jambo hili kuliko mimi: jina lililo kwenye kola si la aliyeketi kwenye cherehani.

Kwa hiyo, mtafute aliyeketi kwenye cherehani. Hapa ndipo barua yako iliponifurahisha, na sidhani kama wewe mwenyewe unajua ulichokitia mfukoni.

Dior alikuwa na ua lake, lile dogo jeupe lenye umbo la kengele linalochipua Ulaya mwezi wa Mei, ambalo kwa Kiswahili cha Biblia limepewa jina zuri la nyinyoro ya mabondeni. Alilipenda kiasi kwamba kabla ya maonesho alikuwa akishonea kitawi chake ndani ya pindo la nguo, kama kinga ya bahati njema. Ndani ya pindo, mwanangu, mahali ambapo fundi peke yake ndiye anajua kilichomo. Sasa ua lile lina ukaidi: waridi na yasmini hutoa mafuta yao, lile halitoi kitu kinachofaa kutiwa kwenye chupa. Mtunzi aliyeitwa Edmond Roudnitska alilipanda bustanini kwake, akawa analinusa likiwa hai, kisha akaijenga harufu yake upya kutoka kwenye vitu vingine kabisa. Hivyo ndivyo unavyofanya wewe na lile koti, kulishona kwa picha bila kuwahi kulishika. Mwaka 1956 kazi hiyo ikatoka kwa jina la Diorissimo, na Dior mwenyewe aliishi kuinusa.

Miaka kumi baadaye, 1966, Roudnitska huyohuyo aliitungia nyumba hiyohiyo Eau Sauvage. Ile uliyorudi nayo nyumbani mfukoni.

Ile ndimu uliyoisikia inatokana na begamoti na jamaa zake wa machungwa. Na ule upepo kwenye shati, kwa sehemu kubwa, ni kitu kinachoitwa hedioni, chembe iliyotengenezwa maabara, yenye ukoo na yasmini lakini nyepesi, yenye nafasi ndani yake. Eau Sauvage ndiyo iliyoifanya hedioni ijulikane. Yaani ndani ya hiyo chupa ya wanaume kuna kivuli cha ua. Wanawake walianza kuivaa mapema, na mwaka 1972 Roudnitska aliwatungia Diorella, ambayo wengi huiona kama dada yake. Neno lile la wanaume linamwambia muuzaji aipange rafu gani. Pua ya mtu anayepita karibu nawe haisomi maandishi, itasikia ndimu na usafi, na itakuwekea wewe harufu hiyo.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu naiona furaha yako ilipo, na ungeiacha kwa sababu ya kicheko cha muuzaji. Hata hivyo sikuambii ukanunue kesho. Bado hujaijaribu. Kijikaratasi ni nguo kwenye hanga, hujaivaa.

Manukato yanapopulizwa, vitu vyepesi ndivyo vinavyoruka kwanza: ndimu, begamoti, majani. Hivyo hukaa dakika kumi na tano hivi, pengine nusu saa. Kisha yanafuata maua na viungo kwa saa kadhaa, na mwisho kabisa hubaki vile vizito, miti, miski, vanila, utandu, ambavyo ndivyo utakavyoishi navyo mpaka jioni. Duka huuza dakika kumi za kwanza. Kwa harufu za jamii ya ndimu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kile kilichokupendeza ndicho kinachokimbia mapema. Kwa hiyo nenda na ngozi yako. Mkono mmoja Eau Sauvage, mkono wa pili Diorissimo, basi, usiongeze ya tatu. Pulizia upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko, acha pakauke penyewe bila kusugua, maana kusugua kunapasha joto na kuzikimbiza zile nyepesi. Toka dukani. Kanuse baada ya nusu saa, baada ya saa tatu, na kabla ya kulala. Siku nyingine rudia kwa kubadilisha mikono. Ngozi kavu humeza harufu haraka. Kama yako ni kavu, paka kwanza mafuta yasiyo na harufu.

Na pua yako haina hitilafu kwa kushindwa kwenye kijikaratasi cha nne. Pua ya kila mtu huchoka. Zile punje za kahawa zilipojaribiwa hazikuonekana kushinda hewa ya kawaida, kwa hiyo ukichoka nusa mkono wa blauzi yako mwenyewe, au toka nje upumue.

Angalia pia maandishi madogo kwenye chupa. Ile iliyoandikwa eau de toilette kwa kawaida ina manukato asilimia 5 hadi 15, eau de parfum asilimia 15 hadi 20, na iliyoandikwa parfum peke yake huzidi hapo. Watu hudhani ni harufu ileile imeongezwa nguvu tu. Mara nyingi sivyo. Jina likiwa moja, mchanganyiko huweza kuwa mwingine, mmoja ukaegemea maua na mwingine vanila. Uliyoinusa ndiyo ununue, neno kwa neno kama ilivyoandikwa kwenye chupa ya kujaribia, na likiwepo neno la ziada mbele ya jina, kama Intense au Parfum, hesabu kwamba hujainusa.

Sasa gauni la bibi harusi. Aibu yako naielewa, na naiheshimu, kwa sababu inatoka kwa mtu anayejali kazi ya mikono yake. Lakini tatizo la siku ile halikuwa kwamba fundi alikuwa na harufu. Lilikuwa wapi ulijipulizia na kiasi gani. Lugha yetu imeyatenganisha haya vizuri kuliko lugha nyingi: kuna kunukia na kuna kunuka, na manukato yaleyale yanaweza kufanya yote mawili.

Fikiria unavyofanya kazi. Ukimpima mtu kiuno, mikono yako inamzunguka, viganja vinapita chini ya kidevu chake, kichwa chako kiko karibu na kifua chake. Ukipiga bandi, viganja vimelala juu ya kitambaa kwa saa nzima. Ukishika pasi, mvuke unavipasha joto. Na wewe, kama watu wengi, bila shaka ulijipulizia viganjani na shingoni. Uliyaweka manukato mahali ambapo yatamfikia yeye kabla yako, kisha ukayapaka kwenye nguo yake. Na kitambaa hushika harufu kuliko ngozi, kwa kuwa hakina joto la kuirusha. Hariri na sufu zinaweza kukaa nayo siku nyingi.

Siku za kazi, viganja na mikono iwe huru kabisa. Puliza mara moja kifuani, chini ya nguo, au kwenye kisogo kama nywele umezibana juu. Nyuma ya magoti ni pazuri pia, maana harufu hupanda polepole unapotembea kutoka meza ya kukatia hadi kwenye cherehani. Fanya hivyo asubuhi kabla ya kuvaa, yakauke, halafu nawa mikono. Usipulizie karibu na kitambaa cha mtu hata kidogo: mafuta na rangi za manukato huacha doa kwenye hariri nyeupe, na spiriti yake inaweza kugusa rangi ya kitambaa. Siku ya kujaribisha gauni la harusi, mimi ningeacha kabisa mpaka mteja aondoke. Yeye naye amekuja na harufu yake.

Na usiongeze mchana kwa sababu huisikii. Pua huacha kuripoti harufu iliyoizoea, hata kama walio karibu bado wanaisikia waziwazi. Nina hakika mwaka jana ndivyo ilivyokuwa. Ulidhani yamekwisha ukarudia. Mwombe mtu unayemwamini akuambie, kwa umbali wa mkono mmoja, kama anakusikia. Akikusikia hapo, yametosha.

Dada yako mpe salamu. Kwake inawezekana ni kweli, kama kazi yake ni ya kusimama mbali na watu. Poison ya nyumba hiyohiyo, ya mwaka 1985, ilikuwa na nguvu kiasi kwamba inasimuliwa kuna migahawa Marekani iliyowakataa waliojipulizia. Harufu ya kutangulia mlangoni ipo, na ina wapenzi wake wa dhati. Wewe unafanya kazi ndani ya hatua moja ya mwili wa mtu mwingine. Anayekujua atakusikia akiinama kuangalia pindo, na hapo ndipo ninapotaka ijulikane kwamba fulani yuko hapa.

Mimi nikivaa viatu vyako, ningeanza na Eau Sauvage, kwa sababu hukuichagua kwa kichwa, mkono ulikwenda wenyewe mfukoni. Diorissimo ningeiweka ya pili, na kama baada ya siku tatu za ngozi itaishinda ya kwanza, ifuate bila kusita. Nyinyoro yake inaweza kuonekana kali mwanzoni, ipe nusu saa. Jua tu kwamba manukato ya zamani hayabaki vilevile. Utandu wa mwaloni umewekewa mipaka, na Lilial, kitu kilichotumika sana kujenga harufu za ua hilo, kilipigwa marufuku katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya mwaka 2022. Kwa hiyo amini unachonusa sasa kuliko sifa unazosoma za miaka ya nyuma, pamoja na hizi zangu. J'adore mwachie anayeipenda. Nunua chupa ndogo kuliko zote, itunze kabatini mbali na jua na joto, imalize, ndipo ununue kubwa.

Kuhusu lile koti, mwanangu: nyonga zake zilijazwa kwa ndani. Hakuna mkato peke yake utakaolisimamisha vile. Fungua bitana, tia pamba kwa tabaka kuanzia chini ya kiuno, upunguze unene ukiteremka pindoni. Ukishalivisha mtu koti la nne, niandikie uniambie limesimamaje, na siku hiyo ulikuwa umejipulizia ipi.

Shangazi yako